Gari la karatasi lenye namba za gari langu: yaliyonikuta na jirani yangu Mchina hapa London

Wakuu, salamu kutoka Thamesmead, kusini mashariki mwa London. Leo mvua imegoma kukatika na mimi sina shift, kwa hiyo nimekaa jikoni na simu.

Humu mimi ni msomaji tu. Kazi yangu ni kupita, kucheka na kuondoka. Ila kuna jambo limenikaa kifuani tangu winter na mke wangu hataki tulizungumze tena, nikaona nilitue hapa.

Sitatia chumvi. Pale nisipojua nitasema sijui. Atakayesema nimevuta kitu, ruksa.

Niwape picha kwanza.

Mimi ni mtu wa Makete. Hapa nafanya kazi ya care, ile ya kuzungukia wazee majumbani kwao. Unamwogesha huyu, unampa dawa yule, unakimbilia kwa mwingine. Mke wangu Neema yuko hospitali, healthcare assistant. Tunaishi flat ya ghorofa ya kwanza.

Chini yetu, kwenye flat yenye ua mdogo nyuma, walikuwa wanaishi wazee wawili Wachina waliotokea Malaysia zamani sana. Sisi tuliwaita Uncle Ling na Auntie Ling. Watu wa kimya. Mzee, mfupi mwenye miwani na nywele nyeupe, alikuwa mpishi kwenye restaurant mpaka alipostaafu, lakini hata baada ya kustaafu aliendelea kuamka alfajiri na kutoka na kigari chake kidogo cha Kijapani, rangi ya fedha, kwenda sokoni kumchagulia rafiki yake samaki.

Mwaka jana, autumn, Uncle Ling akafariki. Moyo.

Tulienda kumpa pole Auntie. Neema alipeleka chapati. Baada ya muda, siku moja Auntie akanikuta nasubiri basi kwenye mvua na begi langu la kazi, akaniambia: "Wewe unahitaji gari. Mimi siendeshi. Chukua la mzee."

Bei ilikuwa ya haki kabisa, sitaki kuizungumzia. Wenye kazi ya care mnajua kuzunguka kwa basi ukiwa na wazee wanaokusubiri ni adhabu gani. Nilifurahi mpaka nikampigia simu mama Makete kumwambia mwanao ana gari.

Auntie alikuwa na sharti moja tu. Nisilichukue mpaka yeye alitayarishe, kwa siku atakayoichagua yeye kwenye kalenda yake.

Nikasema hamna shida. Mtu anakupa gari zuri, unabishana na kalenda?

Siku ikafika, asubuhi. Neema alikuwa kazini, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza maana angekuwepo tungemalizana mapema.

Auntie alifungua milango yote, boneti na buti, akaliacha lipigwe na upepo. Akachukua beseni la maji yenye majani ya balungi, akalifuta gari lote, ndani na nje, akinong'ona kwa Kichina. Akawasha vijiti vya udi vitatu mbele ya taa. Akarusha mchele na chumvi kidogo kila upande. Halafu akatoa tepe nyekundu, akafunga kwenye side mirrors, kwenye vitasa na kwenye kila tairi.

Mimi nilisimama nimekunja mikono, natabasamu. Gari lilionekana linakwenda kuposa.

Nitawaandikia maneno yake kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kilikuwa cha mkato na changu mnakijua.

"Hizi tepe usizikate," akasema. "Zitaanguka zenyewe. Na leo ukiondoka, anza kwenda mbele. Usianze na reverse."

Nikamuuliza, "Auntie, hii ni kwa gari jipya au hata la mkono wa pili?"

"Kwako ni jipya. Lazima lijue limebadilisha mwenyewe." Akaongeza, "Yeye nitamtumia lake. Jumapili."

Sikuelewa. Nikaona ni maneno ya mjane, nikaitikia kwa kichwa.

Neema aliporudi akaona gari, akaona tepe. Wakuu, mke wangu ni mlokole wa kweli. Alilizunguka mara mbili, na mimi nikajua tayari.

"Hizi ni za nini?"

Nikamwambia ni za baraka, kama gari la harusi kwetu. Akaniangalia. "Baraka kutoka kwa nani?"

Nikaingia ndani kupasha chakula.

Jumapili tumetoka kanisani, Neema yuko jikoni, mimi natafuta soksi. Nikasikia ananiita kwa sauti ya chini kabisa. Neema akiniita kwa sauti ya juu siogopi. Hii ya chini ndiyo huwa inanitoa mbio.

Alikuwa dirishani, anaangalia chini kwenye ua wa Auntie Ling.

Auntie alikuwa amesimama na debe la chuma lenye moto. Pembeni, juu ya kiti, kulikuwa na gari la karatasi. Kubwa, kama microwave. Rangi ya fedha. Lina taa, lina matairi, lina mpaka wipers. Na nyuma lina plate.

Namba zilikuwa za gari langu.

Nilizisoma, nikazirudia. Herufi kwa herufi.

"Angalia ndani," Neema akasema.

Ndani kulikuwa na mdoli wa karatasi, amekaa kwenye usukani.

"Huyo ni wewe," mke wangu akasema.

Sasa wakuu, kabla hamjacheka. Nani humu amekulia nyumbani asijue maana yake? Mtu amekuuzia gari, amelifanyia mambo yake kwa udi na chumvi, halafu anatengeneza mfano wake na namba zako, anaweka mtu ndani na kuwasha moto. Sisi hilo tuna jina lake. Ni kafara. Nakiri niliogopa kama mtoto.

Auntie akaliinua lile gari kwa mikono miwili, taratibu, akaliweka kwenye moto kwa upande wa nyuma.

Neema hakuningoja. Alishachukua ndoo ya kudekia, imejaa, anashuka ngazi anakemea kwa jina la Yesu. Mimi nyuma yake. Geti la ule ua halikuwa na komeo. Kufika tu akamwaga ndoo nzima.

Moto ukazima. Moshi ukatupanda usoni. Nusu ya nyuma ya gari ilikuwa imeshaungua, nusu ya mbele ikabaki uji wa karatasi, na yule mdoli akaelea juu ya maji meusi ndani ya debe.

Nilitegemea Auntie atapiga kelele. Hakupiga. Aliangalia ndani ya debe kwa muda mrefu, akaingiza mkono, akamtoa mdoli. Hapo ndipo nikaona yule mdoli alikuwa na miwani, na nywele zake zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe.

Mimi sivai miwani. Na nina kipara.

"Sasa hana gari," Auntie akasema. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulirudi juu. Neema bado alikuwa na uhakika wake. Mchana huohuo alishuka na mkasi akakata tepe zote, akapaka gari mafuta ya upako, akaomba. Mimi sikumzuia. Ukweli ni kwamba nilijisikia nafuu.

Nafuu yenyewe haikudumu.

Kitu cha kwanza kilikuwa kiti. Mimi ni mrefu, kiti changu nakisukuma nyuma mpaka mwisho. Asubuhi moja naingia, magoti yakagonga usukani. Kiti kimevutwa mbele kabisa, na kioo cha ndani kimeinamishwa chini, kwa mtu mfupi.

Nikafikiri ni Neema. Kisha nikakumbuka Neema hajui kuendesha, na funguo zote mbili zinakaa chumbani kwetu.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nikawa narudisha kiti bila kumwambia mtu.

Halafu ikaja baridi yenyewe.

Naomba mnisikilize hapa, maana baridi mimi sifundishwi. Makete kuna asubuhi unaamka viazi vimeungua shambani kwa barafu. Nimekanyaga barafu pekupeku nikienda shule. Najua inavyokaa na inavyoyeyuka.

Asubuhi hiyo parking nzima ilikuwa nyeupe. Kila gari limefunikwa, huoni ndani. Langu pia lilikuwa jeupe, isipokuwa kioo cha mbele, upande wa dereva. Huo ulikuwa umekwanguliwa safi, kwa mstari ulionyooka katikati. Upande wa abiria ulikuwa na barafu yake haijaguswa.

Nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

Najua kuna mdau ameshaandika "dash cam". Nilinunua, wakuu. Ile inayowaka gari likitikisika au likiwashwa. Haikurekodi kitu. Kwa mujibu wa kamera, gari halikuwahi kuguswa. Na kila asubuhi ya barafu nilikuta upande wa dereva umesafishwa na boneti ina joto.

Nilikonda. Nilikuwa naendesha kwa wazee wangu huku naangalia kioo cha nyuma kila dakika, naogopa nitakachokiona. Sikuwahi kuona kitu. Ila mara nyingine, gari likiwa limefungwa vioo vyote, nilisikia harufu ya ile dawa ya kuchua ya Kichina, ya kichupa kidogo, ambayo Uncle Ling alikuwa anajipaka shingoni.

Mwisho nikashindwa. Nikashuka kumgongea Auntie Ling.

Tangu siku ya ndoo alikuwa hajatufungulia mlango. Siku hiyo akafungua. Alikuwa amepungua, sweta linamning'inia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kiti, kioo, boneti.

Hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza swali moja tu.

"Anasafisha upande gani?"

"Wa dereva."

"Wa dereva peke yake?"

"Ndiyo, Auntie."

Akashusha pumzi. "Basi anakwenda sokoni. Akienda sokoni anasafisha upande wake tu. Siku akinichukua mimi ndiyo anasafisha pande zote mbili."

Nikaomba kukaa.

Akanieleza, bila hasira. Kwao mtu akifa unamtumia vitu vyake kwa moto, nyumba, nguo, viatu, vyote vya karatasi. Mzee alilipenda lile gari kuliko kitu chochote, na yeye asingeweza kuliuza bila kuhakikisha mzee anapata la kwake lenye namba zilezile, na mdoli wa mzee mwenyewe ndani yake. Akipata lake, hili la chuma ananiachia mimi. Tepe zilikuwa za kunilinda mimi katikati ya hapo. Tulikata tepe na tulizima moto.

"Hana lingine," akasema. "Kwa hiyo anatumia lako. Na mtu mwenye gari, siku moja atakumbuka mke wake."

Halafu akanishika mkono. "Ukiona amesafisha pande zote mbili, uniambie."

Nikamwahidi.

Nikapanda juu nikamwambia Neema kila kitu. Nilitegemea vita. Alisikiliza, akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, akalia. Akasema, "Nilimwagia maji zawadi ya marehemu." Sijawahi kumwona mke wangu vile.

Kesho yake akapika supu, akashuka. Sijui walizungumza nini, alikaa kule mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Aliporudi akaniambia, "Mimi siombi kwa udi na sitaomba. Lakini gundi nitashika."

Mpango ulikuwa huu: tutengeneze gari jingine. Lile la kwanza lilitoka Malaysia kwa order, na jingine lingechukua muda mrefu kufika. Auntie hakutaka kusubiri. Kusema kweli sisi ndio hatukutaka. Kila asubuhi nilikuwa naenda parking roho mkononi, naangalia upande wa abiria kwanza, nikikuta barafu yake haijaguswa namshukuru Mungu. Tulishampenda yule bibi, wakuu. Tulitaka abaki.

Wiki nzima, kila tukitoka kazini tulishuka kwake. Maboksi ya cereal, foil ya jikoni, rangi. Auntie anatuelekeza, taa hapa, wiper pale. Mimi nilipewa kazi ya plate. Niliandika namba za gari langu kwa mkono wangu. Neema alitengeneza mdoli, akamvisha miwani ya waya, akampaka nywele nyeupe. Tukamweka kwenye usukani, na kiti tukakivuta mbele.

Jumamosi jioni likawa limekamilika. Auntie akalitazama, akacheka, mara ya kwanza tangu mzee afariki. Tukakubaliana tulichome Jumapili, mchana. Akamwita na binti yake, Vivian, aje kutoka Manchester.

Jumapili asubuhi nilikuwa na client mmoja. Nikatoka.

Parking nyeupe tupu.

Kioo cha gari langu kilikuwa kimesafishwa. Upande wa dereva. Na upande wa abiria. Wa abiria ulikuwa umefanywa vizuri zaidi, mpaka kwenye kona.

Sikugusa hata boneti. Nilikimbia kwa Auntie, nikagonga, nikaita. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, lile linalotazama parking. Amevaa koti la kijani lenye vifungo vikubwa, viatu vya kutokea, lipstick. Mkoba mwekundu mapajani. Nilimshika mkono. Kazi yangu ni hiyo, najua mkono wa mtu aliyeondoka ukoje. Nilifanya tulivyofundishwa, CPR, ambulance, yote. Waliokuja walisema ni moyo, na kwamba alishaondoka kitambo kabla sijafika.

Nilikaa chini nikalia bila kujificha.

Neema alishuka, na ndiye aliyeliona gari la karatasi. Lilikuwa mezani palepale tulipoliacha. Akaniita, ile sauti yake ya chini.

Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na mdoli wa pili.

Sisi hatukumtengeneza. Alikuwa amevishwa kikoti cha kijani, na mapajani ana kipande kidogo cha karatasi nyekundu kilichokunjwa kuwa mkoba. Gundi ilikuwa imeshakauka.

Vivian alifika mchana. Alipoona lile koti akasema ni koti la mama yake la kutoka na baba. Hakulivaa kwa shughuli nyingine yoyote.

Tulilichoma gari jioni hiyo, jua halijazama, sisi watatu. Neema alisimama mpaka mwisho. Liliungua lote, namba zangu na wao wawili ndani.

Tangu hapo kiti changu kinakaa ninapokiacha.

Wakuu, somo langu ni dogo sana. Siku ile ya ndoo tungeuliza. Ilikuwa ni kushuka ngazi na kusema, Auntie, hiki unachofanya ni nini? Alikuwa mtu wa kujibu. Mkiwa ugenini mkaona jirani anafanya msiloliona kwenu, ulizeni kwanza, hata kama mnaogopa, na hasa mkiwa mnaogopa.

Ila kuna kitu kinanisumbua, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Aliponishika mkono akaniambia nimjulishe, mimi na Neema tulielewa anaogopa. Tukawa tunatoka kazini na kukesha kwenye gundi tukijua tunamwokoa. Sasa nakumbuka uso wake asubuhi ile, lipstick imepakwa vizuri, macho yanaelekea parking, na naona alitaka tu kujua mapema ili apate muda wa kuvaa.

Waliowahi kuishi na Wachina, au wenye uelewa wa haya mambo, karibuni mnieleze. Hata wa kunitukana karibuni. Neema yeye hataki kulizungumza, lakini tukisafiri naye siku hizi ananiambia nimsubiri, anarudi ndani, anavaa nguo nzuri ndipo anaingia kwenye gari.